V8 ya Jasho Lako Sina Ugomvi Nayo

Nianze kwa kuwavunja moyo wale wanaosubiri niseme V8 ni gari baya. Si baya. Ni gari zuri mno. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 200, ile iliyoingia sokoni 2007, dizeli yake ni ya lita 4.5, silinda nane na tabo mbili, na ukiikuta inapanda Kitonga na watu saba ndani na mizigo juu, utadhani barabara imelala tambarare. Mrithi wake, mfululizo wa 300, alitambulishwa Juni 2021 na dizeli ya lita 3.3 yenye silinda sita tu, ila ina nguvu kuliko ile ya nane. Cha kuchekesha, Wabongo hata hiyo ya silinda sita tunaiita V8. Kwa nini? Kwa sababu kwetu V8 iliacha zamani kuwa hesabu ya silinda. Ni cheo. Na ugomvi wangu uko kwenye hicho cheo.

Naandika kwa sababu ya kamanda mmoja ambaye wiki mbili zilizopita alitutumia kwenye grupu picha ya V8 nyeusi iliyotoka gereji, inang'aa kama buti la mwanajeshi siku ya gwaride, akaandika chini yake kwamba tukishika dola na sisi tutakaa humu. Watu wakamwaga alama za moto. Grupu lina watu mia mbili na ushee, wanasheria watarajiwa humo hatupungui kumi. Nilipohoji nikaambiwa nina wivu, na mwingine akaongeza, "Dada, subiri kwanza upate leseni." Leseni ninayo, kaka. Tuendelee.

Kwanza tutenganishe watu wawili, maana mjadala huu huwa unaharibika kwa kuwachanganya.

Yupo mwenye V8 yake. Huyu kauza mpunga, kajenga kampuni ya malori, kapiga mishe zake halali miaka kumi na tano, siku moja akasema sasa basi, nataka gari ninaloliota. Ameagiza. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa kuwa injini inazidi cc 2,000. VAT asilimia 18 juu yake. Gari likiwa na umri mkubwa anaongezewa na uchakavu. Kwa dizeli wengi wanaangalia Uingereza, kwa sababu Japan yenyewe hiyo 200 waliuziana ya petroli. Likifika bandarini, mtu huyu ameshalichangia taifa hela ambayo mimi na ukoo wangu mzima hatujawahi kuishika kwa pamoja. Mimi huyo namvulia kofia. Halafu anaingia Gerezani na gari lake, na hapo ndipo utamu ulipo.

Wanaoijua Gerezani wanajua. Gari la 2009 linaingia asubuhi likiwa na uso wake wa kizee, linatoka baada ya siku kadhaa likiwa la 2016: bampa mpya, grili mpya, taa mpya, boneti mpya, vifaa vimetoka Dubai au China, fundi kapima kwa jicho na kamba na vimekaa kama vilizaliwa hapo. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanalibandika sura ya Lexus. Ndani siti zinavuliwa zinavishwa ngozi upya, rangi ya maziwa na mshono mwekundu. Friji katikati ya siti. Rimu za inchi ishirini na mbili. Springi zinabadilishwa gari linyanyuke. Mafundi wetu hawa hawajasomeshwa na mtu, na ningependa siku moja serikali iwatazame kwa jicho lingine badala ya kuwafukuza na mgambo. Anayetaka jina lake lisomeke kwenye namba ya gari naye anakwenda TRA analipia. Bajeti ya 2016/17 ilipandisha ada hiyo kutoka milioni 5 hadi milioni 10 kwa miaka mitatu, na watu walilipa. Ni majivuno, ndiyo, lakini majivuno yenye risiti. Sheria inachotaka ni kwamba ukibadili rangi au injini uwajulishe wahusika kadi ya gari irekebishwe. Basi.

Kitu kimoja tu nitamwambia hata huyu mwenye gari lake. Gari za dizeli zilizotoka Ulaya zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha lenyewe gari likitembea kasi kwa muda mrefu, likapata joto la kutosha kuunguza masizi. Sasa kutoka Mbezi hadi Posta utapata wapi hilo joto? Saa mbili na nusu kwenye foleni, chujio linaziba, taa inawaka kwenye dashibodi, bosi anampigia fundi, fundi analitoa chujio lote na kuidanganya kompyuta ya gari kwamba bado lipo. Gari linapata pumzi. Anayekosa pumzi ni bodaboda aliyesimama nyuma yako Ubungo, na mama wa mahindi ya kuchoma. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya visababishi vya saratani Juni 2012. Kwa hiyo pambeni, lakini hilo chujio liacheni.

Na mkonga nao. Mkonga kazi yake ni kulipa gari pua ya juu, livute hewa safi kwenye vumbi na lisinywe maji likivuka mto. Magari ya Loliondo na Katavi yanauhitaji. Masaki kuna mto gani? (Jangwani siku ya mvua nakubali, hapo hata mkonga hautoshi.) Lakini tena, hela yake, mkonga wake.

Sasa tazameni kinachofuata kwenye orodha ya mapambo, maana hapa ndipo huyu wa kwanza anapoanza kufanana na wa pili.

Ngao ya chuma mbele. Vioo vya giza hadi vya mbele. Vimulimuli vya bluu na vyekundu nyuma ya grili. King'ora. Kijiti kidogo cha bendera kwenye kona ya boneti, bila bendera, kimebaki uchi kama kidole. Hebu niulizeni: hivi ni vifaa vya safari? Vya porini? Hakuna hata kimoja kinachosaidia gari kupanda mlima. Hivi ni vifaa vya kufanana na serikali. Mtu kanunua gari lake kwa jasho, halafu anamlipa fundi alifanye lionekane si lake, lionekane la dola. Mkilitafakari hilo vizuri mtaelewa ugonjwa wetu kuliko kwa hotuba kumi.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, imewapa wachache upendeleo wa njia. Gari la wagonjwa. Zimamoto. Polisi. Msafara wa viongozi wakuu. Sababu iko wazi: kuna mtu anakufa, kuna nyumba inaungua. Mfanyabiashara wa vigae anayewahi harusi hayumo. Operesheni za kung'oa ving'ora na vimulimuli zimetangazwa zaidi ya mara moja, mnazisikia redioni, zinachacha wiki kadhaa halafu zinapoa. Kwa nini zinapoa?

Simameni na yule trafiki pale juani. Kijana wa miaka ishirini na sita, ana mke na mtoto, amepangiwa kituo baada ya kuhangaika. Inakuja V8 nyeusi, vioo haoni ndani, vimulimuli vinapiga, imechomoka kwenye njia ya mwendokasi. Anajua kisheria alisimamishe. Lakini ndani kuna nani? Akiwa muuza vigae, sawa, faini. Akiwa mheshimiwa, kijana huyu kesho anaweza kuamkia kituo ambacho hata mtandao haushiki. Hana muda wa kujua. Ana sekunde nne. Kwa hiyo anapiga saluti. Mwenye gari hakununua taa pale Gerezani, makamanda. Alinunua shaka ya yule trafiki. Na shaka hiyo ina thamani kwa sababu moja tu: waheshimiwa wenyewe hawasimami. Siku ambayo V8 ya kigogo itasimamishwa kwa mwendo wa kilomita 90 kwenye eneo la 50, akaandikiwa kama dereva wa daladala anavyoandikiwa, na trafiki akaendelea kulala kwake, vimulimuli vyote vya mjini vitashuka bei wiki hiyo hiyo.

Ibara ya 13 ya Katiba inasema wote tuko sawa mbele ya sheria. Nimeisoma mara nyingi kwa ajili ya mitihani. Pale taa za Ubungo huisomi, unaiona inapitwa upande wa kulia.

Tuje kwa mtu wa pili sasa, maana wa kwanza ni mwanafunzi wake tu. Huyu hakununua. Kapewa. Namba inaanza na ST. Dereva kapewa, mafuta kapewa, matengenezo TEMESA, ununuzi GPSA, na yeye kazi yake ni kushusha kioo sentimita tano akupungie. Juni 2022 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni kwenye hotuba ya bajeti akasema mwenyewe kwamba serikali inatumia zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka kwenye magari yake: kununua, kuyajaza mafuta, kuyatengeneza. Akapendekeza watumishi wanaostahili wakopeshwe magari wajihudumie wenyewe. Si mimi niliyesema, si mwenyekiti wetu. Ni wao. Kumbukeni huo ulikuwa ni mwaka ambao wananchi walikuwa bado wanauguza tozo za miamala zilizoanza Julai 2021, ambapo bibi akitumiwa hela ya dawa serikali ilikuwa inakata kwanza. Na kabla yake, Mizengo Pinda akiwa Waziri Mkuu naye aliyasema mashangingi haya hadharani. Wanayasema vizuri sana. Halafu wanapanda wanaondoka nayo.

Twende kwenye hesabu, kwa wale wanaosema najenga hoja kwa hisia. Land Cruiser 200 ya dizeli ina matangi mawili, kubwa na la akiba, jumla lita 138. Chukueni dizeli kwa shilingi 2,800, mwezi mwingine inazidi na mwingine inapungua, EWURA ndio wanajua. Agosti 2022 ilivuka 3,300 hapa Dar. Kujaza mara moja ni shilingi 386,400. Boom yangu ya chakula na malazi, baada ya kupandishwa mwaka huo huo wa 2022, ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa maana hiyo shangingi moja, likinywa mara moja, limekunywa siku zangu 38. Na boom ni mkopo, nitakuja kuulipa kwa kukatwa mshahara. Mafuta ya mheshimiwa nani anayalipa? Si ni mimi tena, kwenye kila lita ya mafuta yanayoingia kwenye daladala ninayopanda, na mle ndani ya bei kuna zile shilingi 100 zilizoongezwa 2021 na 100 nyingine za 2023.

Au Dodoma. Ni kama kilomita 450. V8 ikienda vizuri inakupa kilomita saba au nane kwa lita, kwa hiyo lita 60, shilingi 168,000, kwenda tu. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000, na inafika chini ya saa nne. Hela ya mafuta ya kwenda inakata tiketi tano na chenji ya soda. Waulizeni madereva wa serikali, si siri kwao: bosi anatangulia kwa ndege au kwa treni, gari linamfuata na dereva peke yake, lita zile zile, ili likamchukue stesheni limpeleke hotelini. Tumejenga reli ya umeme kwa mikopo ya matrilioni halafu tunalisindikiza treni kwa dizeli. Jamani.

Mama yangu ni muuguzi. Kituo chake cha afya sikitaji, kiko kusini huko, mvua zikianza barabara inakuwa tope la magoti. Gari la wagonjwa wanalo, tena ni Land Cruiser pia, ile hadtopu ya zamani, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, gari la kazi lisilo na friji wala siti ya ngozi. Likizo iliyopita alikuja mjamzito usiku, damu inamtoka, rufaa hospitali ya wilaya kilomita hamsini na kitu. Gari lipo. Dereva yupo. Mafuta hamna. Mume wake akaambiwa achangie lita ishirini. Saa nane ya usiku, kijijini, achangie lita ishirini. Aliamsha ndugu, wakachanga, mmoja akatoa kidumu cha dizeli ya mashine ya kusaga, wakasafiri. Yule dada alipona, mtoto hapana. Siwezi kuapa mahakamani kwamba zile saa mbili ndizo zilizomuua mtoto. Mama pia haapi. Lakini asubuhi yake, na hili niliona kwa macho yangu, msafara wa ziara ulipita barabara ile ile, mashangingi sita, kukagua jengo la darasa ambalo halikuwa na bati. Sita. Nilihesabu. Zidisheni wenyewe kwa lita 138.

Mtu wa sheria atauliza: basi nenda mahakamani. Ibara ya 27 si inamtaka kila mtu atunze mali ya umma na kupiga vita ubadhirifu? Ndiyo, na Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kufungua shauri kuilinda Katiba. Zamani Watanzania waliitumia sana hiyo. Lakini 2020 Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ilifanyiwa marekebisho, ikawa anayekwenda mahakamani kwa njia hiyo alitakiwa aeleze kwa kiapo ukiukwaji ulivyomgusa yeye binafsi. Yeye binafsi! Sasa ubadhirifu wa mali ya umma unamgusa nani binafsi? Ndiyo maana unaitwa wa umma. Ilibidi yule mama aliyepoteza mtoto ndiye aje Dar, atafute wakili, aape kwamba shangingi namba fulani lilikunywa lita zake ishirini. Sheria ilifungwa vioo vya giza nayo.

Nigusie na hili jina, maana linanikera kama binti. Shangingi. Kabla halijawa gari, lilikuwa neno la kumtukania mwanamke: aliyekubuhu mjini, anayependa kujipamba, anayejua kuchuna wanaume. Mtaa ukalibandika gari kubwa linalokula hela za watu na kupenda kupambwa. Nawaelewa walichomaanisha. Ila angalieni nani amekaa siti ya nyuma. Miaka yote, mara nyingi mno, ni wanaume wenye suti, na wanaochunwa ni akina mama wa vituo vya afya. Wazee wa miaka ya sitini walikuwa waungwana zaidi, waliwaita vigogo wao Wabenzi, kwa gari lao, tusi likakaa kwa mwenyewe. Azimio la Arusha 1967 likaja na miiko ya uongozi likajaribu kuwabana, Zanzibar 1991 miiko ikalegezwa, na Benzi likakua likawa na magurudumu manne ya kuvuta.

Najua majibu yenu. Kwamba barabara za vijijini mbovu, kiongozi atafikaje. Anafika kwa Hilux, kama mhandisi wa maji anavyofika, kama bwana shamba anavyofika kwa pikipiki. Kwa bei ya V8 mpya moja unanunua pikapu zaidi ya moja, na zinapita kule kule. Kwamba kiongozi anahitaji hadhi. Kenya, Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha aliwaambia mawaziri wenzake warudishe magari makubwa wapewe VW Passat za cc 1,800. Walinuna! Wengine walizikwepa kwa kila kisingizio, na baadaye magari makubwa yakarudi kimya kimya. Lakini serikali haikuanguka siku ile walipokaa kwenye Passat, na wala bendera ya Kenya haikupungua rangi. Rwanda miaka ya katikati ya 2000 walipiga mnada magari ya serikali wakaweka utaratibu wa maofisa kukopeshwa wanunue ya kwao. Rwanda kuna mengi sitaki tuige, na nikiyataja hapa tutakesha. Hili la magari tungeliiga hata kesho.

Na lile la wivu. Kaka yangu uliyeliandika, nakuuliza kwa heshima: sisi kama chama tunataka nini hasa? Kwa sababu picha ile haikuwa ya chawa wa upande wa pili. Ilikuwa yetu. Kama ndoto ya kijana wa upinzani anayepigwa mabomu ya machozi ni kukaa siti ile ile, nyuma ya kioo kile kile, basi hatugombanii mfumo. Tumepanga foleni. Na yule dereva wa bodaboda anayetuuliza kila siku kwamba nyie mkiingia mtakuwa na tofauti gani, anatuuliza kwa sababu ameshaona kampeni zetu. Ameona magari ya baadhi ya wagombea wetu yamefungwa vimulimuli, yanawasha king'ora yakipita sokoni, watu wanaruka mitaroni na karoti zao. Tulikuwa bado hatujapata hata kata.

Ninachotaka si kikubwa. Gari lolote litakalobeba bendera ya chama lisifungwe king'ora wala kimulimuli, na mgombea atakayekaidi aitwe kwenye kamati ya maadili kama anavyoitwa anayemtukana mwenzake. Viongozi wetu wenye V8 zao, na wapo, wabaki nazo, wazipambe, lakini watuoneshe kwamba fomu zao za Sekretarieti ya Maadili wamezijaza na gari limo. Na pale tulipo na madiwani, hata wawili, waombe kwenye baraza takwimu moja kila robo mwaka: halmashauri imetumia lita ngapi kwa magari ya wakubwa, na lita ngapi kwa magari ya wagonjwa. Diwani ana haki ya kuuliza hilo, haombi fadhila. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata, pale pale wanapobandika majina ya wadaiwa wa michango ya darasa.

Hoja nimeshaipeleka kwa katibu, ukurasa mmoja na nusu, imesainiwa na wenzangu wanne. Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi. Atakayekuja kuipinga aje na idadi ya lita.